Gari inanigomea kila asubuhi, mchana inawaka nusu funguo. Ni betri, mafuta au baridi ya Njombe?

#1 mgeni_njombe
Wakuu, habari za saa hizi. Nina Premio ya 2004, injini 1NZ. Nimekaa nayo Dar miaka minne haijawahi kunilaza njiani. Mwezi wa tano nikahamishiwa Njombe kikazi, nikaja nayo. Wiki tatu za mwanzo safi kabisa.

Tangu Juni ianze ndiyo taabu. Saa 12 na nusu asubuhi napiga stata, inazunguka kivivu, ng'wee… ng'wee… ng'wee, haiwaki. Napumzika, narudia. Mara ya nne au ya tano inashika huku inatetemeka, nikiachia resi inazima. Nikiishikilia resi kama dakika moja inatulia, na kuanzia hapo siku nzima ni nusu funguo, hata ikilala ofisini saa nne.

Nimeshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza kabadilisha plagi zote nne, hola. Wa pili kasema nozeli zinavuja, anataka laki tatu na nusu azishushe azisafishe. Kabla sijamwaga hela nimeona niulize kwanza. Taa ya chek injini haijawaka. Mafuta hainywi kuliko zamani, nadhani. Watoto wanachelewa shule, na jirani ameanza kuniita jogoo wa mtaa.

#2 Kichwa Ngumu
Betri. Uzi ufungwe.

#3 Chizi Magari
Pole mkuu. Hiyo ni D4, zile injini za Toyota zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na D4 na baridi haviivi chungu kimoja. Uza mapema kabla wenyeji hawajaijua.

#4 Spana 14
Chizi, usimtishe mtu kwa kitu ambacho hana. 1NZ-FE siyo D4. D4 utaziona zina FSE mwishoni. Kwenye Premio hiyo, yenye D4 ni ya cc 2000, 1AZ-FSE. Ya 1500 ni 1NZ-FE na ya 1800 ni 1ZZ-FE, hizo nozeli zake zinapulizia kwenye manifodi, siyo ndani ya silinda.

Mleta uzi, wewe mwenyewe umeshaandika jibu la swali ambalo fundi wako alitakiwa aanze nalo. Stata inazunguka kivivu au kwa nguvu ileile ya mchana? Umesema kivivu. Nozeli ivuje isivuje, stata haina habari nayo. Kwa nozeli inayovuja, stata ingezunguka vizuri tu lakini gari isishike, na ikishika unasikia harufu ya petroli na moshi mweusi nyuma. Je, umeuona moshi?

Nunua mita ya umeme, zile za bei rahisi zinatosha. Pima betri usiku ukishazima gari na kukaa kama saa moja. Pima tena asubuhi kabla hujagusa hata mlango. Halafu mtu akupigie stata huku wewe umeshikilia mita. Leta namba tatu hizo. Laki tatu na nusu iache mfukoni.

#5 Mama Pendo wa Makete
Karibu nyanda za juu mwanangu. Mimi nina gari ya kubebea viazi mwaka wa sita huku. Kila asubuhi ya Juni na Julai nachemsha birika la maji namwagia juu ya betri pale kwenye vichwa, natulia dakika mbili, nawasha. Haijawahi kunigomea.

#6 Chizi Magari
Gari inaogeshwa kabla ya watoto 😂😂

#7 Umeme Mdogo
Msicheke. Shikamoo mama. Maji ya moto yanafanya kazi ila siyo kwa sababu ya joto. Vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe au wa kijani, mguso unakuwa mbovu. Mita itakuonyesha volti nzuri, lakini stata ikiomba ampea mia moja na ushee hazipiti. Maji ya moto yanauyeyusha ule unga. Mama, ukivua hivyo vichwa ukavipiga msasa, ukapaka grisi kidogo juu, birika utalirudisha jikoni kwa ajili ya chai.

Na wewe mleta uzi angalia hapo kwanza. Ni bure.

#8 Mama Pendo wa Makete
Marahaba mwanangu. Nitajaribu, ila birika sirudishi mpaka nione.

#9 Bwana Nozeli
Mnamzungusha mtu na betri wakati ameandika kabisa "nikiachia resi inazima". Betri inahusikaje gari ikishawaka? Ikishawaka umeme unatoka kwenye altaneta. Hilo ni tatizo la mafuta au hewa. Mimi naona petroli chafu. Huko mikoani wanachanganya mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayashiki kwenye baridi.

#10 Spana 14
Hoja ya sailensi, yaani gari kuzima ukiachia resi, nakubali, ni ya msingi, nimeiruka. Ya mafuta ya taa siikubali. Zamani walichanganya kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Kodi ilipandishwa 2011, faida ya kuchakachua kwa njia hiyo ikafa. Maji kwenye petroli yanawezekana, lakini maji hayajui asubuhi wala mchana. Gari ingekohoa barabarani pia.

#11 Mzee wa Choki
Vijana mmesahau choki. Datsun 120Y yangu nilikuwa navuta choki, nakanyaga resi mara mbili, napiga stata, inaunguruma, nasukuma choki taratibu huku nakunywa chai. Iringa hiyo, mwezi wa saba. Leo mnaendesha komputa halafu mnasukumana asubuhi.

#12 Kichwa Ngumu
Mzee, choki yako ilikunywesha petroli kiasi gani lakini?

#13 Mzee wa Choki
Petroli wakati huo ilikuwa bei ya soda, mwache.

#14 Dada Fyuzi
Mzee ametugusia kitu bila kujua. Choki ipo hata kwenye hizi za EFI, zinazopimiwa mafuta na komputa, ila hauioni. Petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo injini baridi inahitaji mafuta mengi zaidi. Komputa inajuaje kama injini ni baridi? Kwa sensa ndogo ya joto iliyochomekwa kwenye njia ya maji ya rejeta. Sensa hiyo ikidanganya kwamba injini ni ya moto, komputa inamwaga mafuta kidogo, gari inagoma, ikishika inatetemeka, ukiachia resi inazima. Injini ikipata moto kweli, uongo na ukweli vinalingana, gari inakuwa nzima siku yote. Dalili zake zote zimo humo.

Na taa ya chek injini isikudanganye. Komputa inawasha taa pale waya ukikatika au ukigusana. Sensa ikidanganya kwa kiasi, yenyewe inaamini tu.

Kuipima: kwenye hizi Toyota, sensa ikiwa kwenye nyuzi 20 inatoa kati ya kiloomu 2 na 3, ikifika nyuzi 80 inashuka mpaka omu mia mbili hadi mia nne. Rahisi zaidi, tafuta mwenye mashine ya kupimia. Asubuhi, gari imelala usiku kucha, washa swichi tu bila kupiga stata, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane.

#15 Bwana Nozeli
Dada asante. Ndiyo nilichokuwa nakisema.

#16 Chizi Magari
Wewe ulisema mafuta ya taa.

#17 Nyahururu_Baridi
Wazee salaam, mimi ni jirani kutoka Kenya. Huku Nyahururu tuko juu ya mita 2,300, baridi tunaijua. Probox yangu, injini hiyohiyo ya 1NZ, ilinifanyia hivi mwaka juzi. Makanika akabadilisha sensa, akabadilisha betri, akaosha throto, ule mlango wa hewa ya injini, pesa ikaisha. Shida ilikuwa pampu ya mafuta. Kuna valvu ndogo ndani ya pampu inayozuia petroli kurudi kwenye tangi ukizima gari. Ikichoka, usiku petroli yote inarudi, asubuhi paipu ni tupu. Unapiga stata ndio ijae upya. Mchana haina wakati wa kurudi yote.

Jaribu hii: weka swichi ON sekunde tatu, zima, ON tena, fanya mara nne, halafu sasa piga stata. Ikiwaka haraka, ni pampu.

#18 Umeme Mdogo
Mkuu wa Nyahururu, karibu. Jaribio lako ni zuri lakini siyo kwa kila gari. Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haigeuki ukiweka ON, mpaka komputa ione stata inazungushwa. Unaweza kuzima na kuwasha swichi mpaka kukuche hakuna kilichojaa. Asikilize kwanza: afungue mfuniko wa tangi, mtu aweke ON, kama hasikii mlio wa sekunde mbili asihukumu pampu kwa njia hiyo. Bora afungiwe geji ya presha ya mafuta na aiache usiku mzima.

#19 Nyahururu_Baridi
Yangu ilisikika. Lakini sawa, hoja imefika.

#20 Mkulima wa Parachichi
Niko hapahapa Njombe mjini, nina Hilux 5L ya dizeli. Shida ni plagi za moto, wakuu mnahangaika bure. Subiri taa ya kile kijispringi izime ndipo upige stata. Kama plagi imekufa moja, asubuhi utalia.

#21 Spana 14
Mkulima, gari ya mwenye uzi ni ya petroli. Soma uzi baba.

#22 Mkulima wa Parachichi
Nilisoma kichwa cha habari tu. Basi nichukue nafasi: yangu plagi ziko sawa zote na bado asubuhi lazima nipige ile pampu ya mkono juu ya filta mara ishirini. Kwa nini?

#23 Spana 14
Hewa inaingia kwenye njia ya dizeli. Angalia paipu za mpira kutoka kwenye tangi na oringi ya hiyo pampu ya mkono yenyewe. Unaweza usione dizeli ikidondoka, maana pale inanyonya, haisukumi. Weka kipande cha paipu inayoonekana ndani kabla ya filta uone mapovu. Anzisha uzi wako.

#24 mgeni_njombe
Wakuu nimerudi, asanteni sana. Nimenunua mita, nimefanya kama Spana alivyosema.

Jana usiku saa 3, saa moja baada ya kuzima: volti 12.5.
Leo saa 12 asubuhi: 12.1. Simu inasema nje ni nyuzi 4.
Wakati stata inazunguka: imeshuka mpaka 8.9.
Gari ikishawaka: 14.1.

Vichwa vya betri nimevisugua, vilikuwa na unga kidogo. Moshi mweusi hakuna. Betri nilinunua Dar, ina miaka mitatu na kitu. Oili niliyoweka servisi ya mwisho, Dar pia, ni 20W-50, fundi alisema injini imezeeka inataka oili nzito.

#25 Kichwa Ngumu
Rejea bandiko namba 2.

#26 Umeme Mdogo
Altaneta nzima, 14.1 inatosha. Betri yenye 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 ni kama nusu, wewe asubuhi uko chini ya nusu. Na ikizungusha stata isishuke chini ya 9.6 hivi. 8.9 ni mbaya. Baridi nayo inapunguza nguvu ya betri. Ikikaribia nyuzi sifuri hata betri nzima inapoteza kama theluthi. Betri ya Dar ambayo ilikuwa inajikongoja kule kwenye nyuzi 28, Njombe inaanguka chali.

Lakini kinachonisumbua ni 12.5 kuwa 12.1 kwa usiku mmoja. Ama seli moja imechoka, ama kuna kitu kinakula. Una alamu au kifaa cha kufuatilia gari?

#27 Spana 14
Ngoja kwanza. 20W-50? Huko? Hiyo namba kabla ya W ndiyo uzito wake kwenye baridi. 1NZ imetengenezewa 5W-30. Asubuhi ya nyuzi 4 hiyo oili iko kama asali, stata inasukuma asali. Stata ikifanya kazi nzito inavuta ampea nyingi, na ikivuta ampea nyingi volti zinashuka. Hiyo 8.9 siyo lazima iwe kosa la betri, inaweza ikawa oili.

#28 Bwana Nozeli
Au stata yenyewe. Bushi zikila, ile sehemu ya ndani inayozunguka inasugua ukuta, stata inavuta umeme mwingi, inazunguka kivivu. Namba zinakuwa hizohizo.

#29 Umeme Mdogo
Stata iliyochoka husumbua zaidi ikiwa ya moto, mchana, umetoka safari. Yake mchana ni nusu funguo.

#30 Bwana Nozeli
"Husumbua zaidi" siyo "lazima".

#31 Mswahili Edmonton
Mimi niko Kanada, huku ikifika hasi 30 gari tunaichomeka kwenye umeme wa ukutani kama simu. Kuna hita ndogo imewekwa kwenye bloku ya injini, inapasha maji usiku. Nyuzi 4 kwetu ni siku ya kufua. Ila Spana yuko sahihi kuhusu oili, huku watu wengi tunaweka 0W. Hakuna mtu anagusa 20W-50.

#32 Chizi Magari
Umeme wenyewe huku unakatika, uchomeke gari wapi ndugu.

#33 Mzee wa Choki
Oili nzito inalinda injini kuukuu. Ukiweka hiyo maji-maji kwenye injini iliyotembea itaanza kuilamba, uje na uzi mwingine wa moshi wa buluu.

#34 Dada Fyuzi
Mzee, kama mihuri ya valvu imekufa, moshi wa buluu atauona asubuhi na oili yoyote. Na kama haijafa, 5W-30 haitaiua. Kuna na njia ya katikati, 10W-30 au 10W-40. Mimi bado nasubiri namba za sensa.

#35 Msukuma Gari
Mimi siyo fundi ila nataka kuuliza, huko juu hewa si ni nyepesi? Inaweza kuwa injini inakosa pumzi.

#36 Dada Fyuzi
Ni kweli hewa ni nyepesi. Njombe mjini ni kama mita 2,000, hewa ina mgandamizo pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Dar. Kwa gari ya kabureta ya mzee wetu ingebidi irekebishwe. Hii ya EFI inapima hewa inayoingia na kupunguza mafuta yenyewe. Utasikia nguvu imepungua mlimani, lakini haigomi kuwaka kwa sababu hiyo. Na kumbuka wiki tatu za kwanza iliwaka vizuri akiwa hapohapo juu.

#37 Mzee wa Choki
Kabureta inarekebishwa kwa bisibisi moja tu. Naliacha hapo.

#38 Jino la Gia
Mnatafuta mbali. Atoe mpira wa ea klina, amwagie kifuniko kimoja cha petroli kwenye throto, apige stata. Ikiwaka hapohapo, mafuta hayafiki. Mimi hufanya hivyo kila siku.

#39 Umeme Mdogo
USIFANYE. Binamu yangu alifanya hivyo, injini ikarudisha moto, alikaa miezi miwili bila nyusi. Tulimcheka lakini haikuwa ya kuchekesha.

#40 mgeni_njombe
Mrejesho wa pili. Nimepata kijana mwenye mashine, kaja nyumbani saa 12 alfajiri kwa elfu kumi na chai. Maji ya rejeta: nyuzi 11. Hewa inayoingia: nyuzi 6. Kosa lililohifadhiwa: hakuna.

Kifaa cha kufuatilia ninacho, bosi wa zamani alikiweka. Nimefuata maelekezo nikaunganisha mita kwenye waya wa hasi wa betri nikasubiri dakika 20 gari ilale. Inasoma 0.28.

Nimepima pia kati ya hasi ya betri na bloku ya injini wakati wa stata kama kaka mmoja alivyonishauri faragha. Volti 0.4.

#41 Dada Fyuzi
Tofauti ya nyuzi tano. Uliizima saa ngapi usiku?

#42 mgeni_njombe
Saa 4 kasoro. Nilimpeleka mtoto hospitali, mafua tu.

#43 Spana 14
Basi hiyo sensa ni nzima. Bloku ni chuma, inatunza joto. Saa nane tangu kuzima, kubaki juu ya hewa kwa nyuzi tano ni kawaida.

#44 Dada Fyuzi
Kwa saa nane kwenye baridi hiyo, gari imelala nje? Mimi nilitegemea tofauti ya mbili au tatu. Lakini nakubali uongo wa nyuzi tano hauwezi kuigomesha gari namna hii. Naiweka sensa pembeni, sijaitupa.

#45 Umeme Mdogo
0.28 ni miliampea 280. Kawaida ni chini ya 50. Kuna mwizi! Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

#46 Bwana Nozeli
Tupige hesabu. 0.28 mara saa nane ni ampea-saa mbili na robo hivi. Betri yake bila shaka ni ya 40 au 45. Mwizi anaiba asilimia tano kwa usiku. Hiyo haiwezi kuishusha 12.5 mpaka 12.1.

#47 Umeme Mdogo
Hiyo 45 imeandikwa kwenye stika. Betri ya miaka mitatu na kitu haina tena 45 ndani. Kama imebakiwa na 12 tu, mbili na robo ni nyingi sana.

#48 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo betri.

#49 Spana 14
Na ile 0.4 kwenye hasi? Mimi hujisikia salama chini ya 0.2. Wengine wanakubali mpaka 0.5. Ule waya wa bodi na injini uangaliwe, wengi ukiushika unakuta umeoza ndani ya gamba.

#50 mgeni_njombe
Fyuzi: nikichomoa ya redio inashuka kutoka 0.28 mpaka 0.06. Kumbe ni redio, siyo kile kifaa. Ni ile ya skrini niliyofungiwa Dar. Nimeiacha fyuzi nje.

Na jirani, huyohuyo wa jogoo, kaniazima betri yake jioni hii. Kesho asubuhi nawaletea.

#51 Chizi Magari
Nimekaa siti ya mbele.

#52 mgeni_njombe
Saa 12 na dakika 20, nyuzi 5. Betri ya jirani. Stata imezunguka kwa nguvu kabisa, kama mchana. LAKINI imezunguka sekunde nne au tano ndipo ikashika, na nilipoachia resi ikazima. Mara ya pili ikawaka, nikashikilia resi nusu dakika ikatulia.

#53 Kichwa Ngumu
Si imewaka.

#54 Bwana Nozeli
Si imezima.

#55 Spana 14
Hapa sasa naona magonjwa mawili yamelala kitanda kimoja. La kuzunguka kivivu ni betri au oili au vyote, pamoja na redio. La kuzima ukiachia resi ni hewa ya sailensi. Kama gari yako inavutwa resi kwa waya, pale kwenye throto kuna valvu ndogo ya sailensi. Ikijaa masizi haifunguki vya kutosha injini ikiwa baridi. Ishushwe isafishwe kwa dawa yake, siyo kwa petroli na mswaki. Hiyo haifiki hata robo ya laki tatu na nusu.

#56 Nyahururu_Baridi
Sekunde nne na stata yenye nguvu ni pampu. Nimesema tangu namba 17. Paipu ilikuwa tupu, imejaa, ikawaka, mara ya pili ikashika haraka. Throto chafu ingefanya hivyohivyo mara ya pili.

#57 Spana 14
Mara ya pili ameshikilia resi mkuu, soma vizuri.

#58 Dada Fyuzi
Na sensa yangu nairudisha mezani 😄 Joto la maji lisomwe tena kwa mashine nyingine, na gari ilale kuanzia saa 12 jioni.

#59 mgeni_njombe
Mmenichanganya lakini nimejifunza mengi kuliko gereji zote mbili. Mrejesho wa leo: betri yangu nililaza kwenye chaja usiku kucha kwa fundi umeme, nikairudisha alfajiri, fyuzi ya redio bado iko nje. Imewaka mara ya kwanza! Sekunde mbili. Nimeachia resi, imetetemeka lakini haikuzima.

Tatizo ni kwamba leo kuna mawingu, simu imesema nyuzi 10. Kwa hiyo sijui nimshukuru nani.

Hela niliyonayo mpaka mwisho wa mwezi inatosha kitu kimoja. Betri mpya, au kumwaga oili na kusafisha throto?

#60 Spana 14
Oili na throto. Redio ikizimwa betri itajikongoja mpaka mshahara.

#61 Umeme Mdogo
Betri. Ikishafika 8.9 asubuhi haina mpaka mshahara. Kesho anga likiwa jeupe utaniambia.

#62 Mzee wa Choki
Egesha kwenye mteremko.

#63 Chizi Magari
Mzee, Premio ni auto, huwezi kuiwasha kwa kuisukuma.

#64 Mzee wa Choki
Ndiyo maana nikasema mmesahau.

#65 Mama Pendo wa Makete
Umeme Mdogo mwanangu, nimesugua vichwa kwa msasa na nimepaka grisi. Siku tatu sasa imewaka bila birika. Leo nimemwagia tu kwa mazoea.

#66 Jirani wa Jogoo
Nimetumiwa huu uzi na kijana wa mashine. Ndugu yangu, umerudisha betri yako kwenye gari yako, vizuri. Yangu iko wapi? Kesho saa 11 alfajiri naenda Makambako.

#67 mgeni_njombe
Shikamoo mzee! Iko barazani kwangu nyuma ya ndoo, nilirudi usiku nikaona umelala. Naileta sasa hivi na spana namba 10.